Washa nne chini ya boneti: kwa nini Forester ilipoa foleni ikachemsha Kitonga

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya 2005, turbo, injini ya EJ20 yenye cc 1,994, gia otomatiki. Mwenye gari anakaa Kimara na kazi yake iko Posta, kwa hiyo asubuhi na jioni anashinda kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Ugonjwa ulianza Januari, Dar ikiwa kwenye joto lake: AC inapuliza, magari hayasogei, sindano ya joto inaanza kupanda. Akizima AC inashuka. Foleni ikiachia na gari likashika hata kilomita 60 kwa saa, sindano inarudi katikati na kutulia.

Akalipeleka kwa fundi wa mtaani kwake, kijana anayesifika kwa Subaru. Fundi akafanya mambo mawili. Kwanza akatoa thamostati, ile vali inayodhibiti joto la maji ya injini, jambo ambalo hapa mjini limekuwa desturi kwa kila gari linalochemsha. La pili ndilo lililozaa kisa hiki. Alifungua bolti za bawaba za boneti kwa spana namba 12, akatafuta bolti ndefu zaidi, na kati ya bawaba na boneti akapanga washa, zile pete bapa za chuma, nne nene kwa kila bolti. Boneti ikanyanyuka upande wa kioo, ikaacha upenyo wa kama sentimita moja na nusu kutoka fenda hadi fenda. Ule mpira mweusi unaokaa nyuma ya boneti akaung'oa, maana haukuwa tena na kitu cha kugusa. "Joto linapanda juu, bosi," alimwambia. "Tumelifungulia mlango."

Ikafanya kazi. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaopinga kuinua boneti hupenda kusema ni urembo wa vijana tu, na wanakosea. Foleni ileile, jua lilelile, AC imewashwa, sindano haikupanda kama zamani. Ukisimama pembeni ya gari uliweza kuona hewa ya moto ikitetemeka mbele ya kioo, na ukiweka mkono kwenye ule upenyo uliuondoa haraka. Kwa mwenye gari ushahidi ulikuwa umekamilika.

Wiki kadhaa baadaye akasafiri na familia kwenda Iringa. Baada ya Chalinze, kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ndani ya gari kukaanza kunuka oili iliyoungua. Mama yake aliyekaa kiti cha mbele akalalamika kichwa kinamgonga. Wakafungua vioo wakaendelea. Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni walikosimama kununua vitunguu kama kila mtu, sindano ilikuwa salama. Kisha ukaja mlima wa Kitonga. Walikaa nyuma ya semi-trela iliyopakia, mwendo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa, AC imewashwa, gari limejaa watu na mizigo. Kabla ya kufika juu sindano ilishaingia kwenye nyekundu na maji yanatoka kwa nguvu kwenye tenki la akiba.

Ushauri wa kwanza aliopewa aliporudi Dar ulikuwa aongeze washa zifike sita.

Hakuongeza. Gari likaja kwenye gereji ya mzee mmoja ninayekaa naye mara kwa mara, na swali likawa: kitu kilichopoza gari Kimara kimeshindwaje kulipoza Kitonga? Jibu lina sehemu mbili. Moja ni ya hewa na nyingine ni ya feni, na ukichanganya hizo mbili unapotea.

Hewa inaenda inakosukumwa

Gari likiwa limesimama, fundi kijana alikuwa sahihi kabisa. Hewa ya moto ni nyepesi na hupanda. Ila inafaa kujua inapanda kwa nguvu kiasi gani, kwa sababu watu huongea kana kwamba joto lina misuli. Hewa ya nyuzi 30 ina uzito wa karibu kilo 1.16 kwa mita ya ujazo. Ikipata joto la nyuzi 80 inabaki karibu kilo 1. Ukichukua kimo cha sentimita 40 kutoka chini ya injini hadi kwenye upenyo, tofauti hiyo inazaa msukumo wa takriban paskali 0.6. Milimita moja ya maji ni karibu paskali 10. Kwa hiyo nguvu yote inayoitoa hewa ya moto nje ya ule mlango haifiki hata sehemu ya kumi ya uzito wa milimita moja ya maji. Inatosha gari likiwa limetulia, kwa sababu hakuna kitu kingine kinachoshindana nayo isipokuwa feni, na feni zinasukuma upande huohuo.

Sasa gari litembee. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo unaogonga kitu kilichosimama wima mbele yake unazaa karibu paskali 450. Kioo cha mbele ni kitu kama hicho, ingawa kimelala. Hewa inapita juu ya boneti kwa kasi, inafika chini ya kioo, inakuta ukuta, inapunguza mwendo, na shinikizo linapanda pale pale kwenye kona. Kiasi gani kinategemea umbo la gari, lakini hata tukichukua theluthi moja tu ya hizo paskali 450 tunapata 150. Mia moja na hamsini kwa sifuri nukta sita. Mlango ulioachwa wazi mahali hapo hautoi hewa. Unaingiza.

Mahesabu hayohayo yanaonyesha mambo yanageuka wapi. Ukitafuta mwendo ambao theluthi ya msukumo wa upepo inalingana na paskali 0.6, unapata kama kilomita 6 au 7 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Feni zikiwa zinazunguka zinaongeza shinikizo kidogo ndani, kwa hiyo geuko linasogea juu kiasi. Lakini hata hivyo tunazungumzia mwendo wa foleni, si wa barabara kuu.

Hili si jambo jipya kwa watengenezaji. Chevrolet walilitumia makusudi: kwenye Chevelle SS ya 1970 boneti ilikuwa na kifuniko kidogo upande wa kioo, kinachofunguka ukikanyaga mafuta, ili injini ivute hewa ya kutoka pale chini ya kioo ambako shinikizo ni kubwa na hewa ni baridi. Magari ya mbio za NASCAR kwa miongo mingi yalivuta hewa ya injini mahali hapohapo. Na gari lako wewe, liwe Forester, Vitz au Noah, linavuta pale hewa safi ya kuingia kwa abiria, kupitia zile tundu zilizofunikwa na plastiki chini ya wipa. Wote hao wamechagua mahali hapo kwa sababu hewa inajisukuma yenyewe kuingia. Anayetaka kupatumia kutolea hewa anashindana na kitu ambacho wahandisi wamekitegemea kwa miaka zaidi ya hamsini.

Tulilipima hili bila mashine yoyote. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa, ulikunjwa kwa umbo la U ukatiwa maji yenye rangi. Mdomo mmoja ulilazwa chini ya kioo, mwingine ukaingizwa ndani ya chumba cha injini, mbali na feni, na U yenyewe ikakaa ndani ya gari mbele ya abiria. Gari likiwa limesimama, maji yalikaa sawa. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa maji ya upande wa kioo yalishuka na ya upande wa injini yakapanda: tofauti ya milimita chache tu, lakini haikuacha shaka kuhusu mwelekeo. Nyuzi za sufi zilizogandishwa kwa selotepu kwenye ukingo wa boneti zilisema hivyohivyo. Foleni zilipeperuka kuelekea kioo. Barabarani ziliingia ndani ya upenyo.

Kuingiza hewa chumba cha injini kunadhuru nini? Rejeta inapozwa na hewa inayopita ndani yake, na hewa hiyo inapita kwa sababu mbele ya gari kuna shinikizo kubwa kuliko nyuma ya rejeta. Ukiongeza shinikizo nyuma ya rejeta umepunguza tofauti, na hewa inayopita inapungua. Upenyo wa sentimita moja na nusu ni mdogo, karibu sentimita za mraba 200 kwa upana wa boneti, kwa hiyo madhara nayo ni madogo. Sidhani washa peke yake zingelichemsha gari hili. Lakini hazisaidii, na watu wanalipia wakidhani zinasaidia.

Karatasi mbele ya rejeta

Tuje Kitonga, ambako mwendo ulikuwa mdogo. Kwa kilomita 25 kwa saa upepo wa chini ya kioo hauna maana sana. Mlango haukuingiza wala haukutoa cha kutajwa. Kwa nini basi gari lilishindwa?

Tukadirie joto lenyewe. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama kilowati-saa 9. Gari likiwa foleni na AC imewashwa linachoma lita moja au zaidi kidogo kwa saa, na karibu theluthi ya nishati hiyo inaingia kwenye maji ya injini: kilowati 3, labda 4. Mlimani, gari la tani 1.9 na mizigo yake, tuchukue mwinuko wa asilimia 8 na kilomita 30 kwa saa, linachoma kama lita 7 kwa saa, na maji yanapokea karibu kilowati 20. Ule upenyo wa nyuma ya boneti, kwa msukumo wa paskali 0.6, unaweza kutoa joto la nusu kilowati hivi, tuseme kilowati moja tukiwa wakarimu. Foleni, nusu kilowati kati ya tatu ni jambo la kuonekana kwenye sindano. Mlimani, kati ya ishirini, ni tone.

Tena joto linalotoka pale silo joto la maji. Ni joto la manifoldi, la ekzosi, la turbo, la hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Kufungua dirisha la jikoni kunampa mpishi nafuu, sufuria inaendelea kuchemka. Hapa ndipo wengi wanapochanganya: wanainua boneti kupoza chumba cha injini, kisha wanatazama sindano ya maji kuona kama imefanikiwa.

Kwa hiyo bado kuna fumbo. Kama mlango hautoi joto la maji, kwa nini sindano ilishuka Kimara?

Mzee hakufungua kitu chochote kwanza. Aliwasha gari, akawasha AC, akamwambia mwenye gari, "Mwanangu, nipe karatasi." Akapewa risiti ya sheli. Akaisogeza mbele ya rejeta upande wa kushoto wa gari. Ikavutwa ikaganda kwenye mapezi. Akaisogeza upande wa kulia, na ikapeperushwa nje, kuelekea kwake. Akarudia mara mbili ili kila mtu aone, kisha akaenda kunawa mikono kana kwamba kazi imekwisha. Na kweli ilikuwa imekwisha.

Forester hii ina feni mbili za umeme nyuma ya rejeta, kila moja na kava lake. Moja ilikuwa imekufa. Nzima ilikuwa inavuta hewa kupitia nusu ya rejeta na kuisukuma ndani ya chumba cha injini, na hewa hiyo ya moto, kwa kuwa chumba kimefungwa, ilitafuta njia rahisi ya kutoka. Njia rahisi ilikuwa tundu la feni iliyokufa. Ikarudi mbele kupitia nusu ya pili ya rejeta, ikatoka kwenye grili, ikazunguka, ikavutwa tena na feni nzima. Gari lilikuwa linajipulizia hewa yake lenyewe iliyokwisha kuchoka. Sponji zinazoziba mwanya kati ya rejeta na bodi nazo hazikuwepo, na kava la chini la injini lilishatolewa siku nyingi na fundi aliyemwaga oili na kuona uvivu kulirudisha. Kila mwanya uliongeza mzunguko huo.

Fumbo limefunguka. Boneti ilipoinuliwa, hewa ya moto ilipata njia nyingine ya kutoka, kwa hiyo kidogo tu ndiyo iliyorudi kupitia tundu la feni mbovu. Rejeta ikapata hewa baridi zaidi. Washa zilipunguza dalili ya feni iliyokufa, na zilipunguza vizuri kiasi kwamba hakuna aliyeitazama feni tena. Kitonga, upepo wa mbele ukiwa dhaifu na mzigo mkubwa, gari lilihitaji feni zote mbili, na lilikuwa na moja.

Dalili za mwanzo zilikuwa zinasema hivyo tangu Januari. Gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likikimbia linakosa hewa ya feni. Linalopoa likiwa limesimama na kuchemsha likikimbia lina tatizo la maji: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, au mpira unaobanwa. Siyo kanuni isiyo na kasoro, lakini inakuambia uanzie wapi, na haigharimu kitu.

Thamostati iliyotolewa ilizidisha utata. Bila thamostati joto la maji halina anayelishika. Linapanda na kushuka na mwendo wa gari. Kwenye lami tambarare injini ilikuwa inatembea baridi kuliko inavyotakiwa, na mwenye gari akiona sindano iko chini aliridhika. Kwenye injini nyingi thamostati pia ndiyo inayofunga njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji haipozwi kabisa. Unaitoa ili gari lisichemshe, kumbe umelinyima sehemu ya rejeta siku ya mlima.

Yaliyoharibiwa na mlango

Harufu ya Chalinze sasa inaeleweka. Ule mpira mweusi uliong'olewa si wa kuzuia kelele. Unatenganisha chumba cha injini na zile tundu za hewa ya abiria. Gari likisimama, moshi na mvuke wa oili vilipanda kupitia upenyo na kuangukia moja kwa moja kwenye tundu. Likikimbia, hewa ilizunguka kwenye kona ileile ya kioo, ikiingia huku na kutoka kule, na sehemu yake ikaishia kwa abiria. Gasketi ya bomba linalopeleka moshi kwenye turbo ilikuwa inavuja kidogo, masizi meusi yanaonekana kabisa. Oili iliyoungua inanuka, kwa hiyo walifungua vioo. Monoksidi ya kaboni iliyomo kwenye moshi huo hainuki. Siwezi kuthibitisha kilichompa yule mama maumivu ya kichwa, safari ndefu ya joto inatosha yenyewe, lakini katika mambo yote ya kisa hiki hilo ndilo lingenifanya nirudishe mpira ule kabla ya kugusa kitu kingine. Maji yakichemka unaharibu injini; moshi huo ukiingia kwa abiria unaweza kuua watu.

Kuna hasara nyingine ambayo ni ya Subaru za turbo hasa. Ule mdomo ulioinuka juu ya boneti si pambo: unapeleka upepo kwenye intakula iliyolala juu ya injini upande wa nyuma, inayopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye silinda. Chini ya mdomo kuna njia ya plastiki yenye mpira pembezoni unaokandamiza intakula, ili upepo upite ndani ya mapezi yake na si pembeni. Intakula ikiwa nyuma, boneti ikinyanyuliwa nyuma, mpira unaacha kugusa. Mzee alipaka chaki kwenye ukingo wa intakula, akafunga boneti, akafungua. Mpira ulitoka msafi upande wote wa nyuma. Upepo ulioingia kwenye mdomo ulikuwa unakimbilia pembeni, njia isiyo na kizuizi, na intakula ikabaki na joto la turbo iliyo jirani yake. Hewa ya moto inayoingia kwenye silinda inapunguza nguvu, na kompyuta ya injini ikisikia injini inagonga inarudisha nyuma muda wa cheche ili kuilinda, nguvu zinapungua tena. Mtu anainua boneti ya Forester ya turbo ili kupunguza joto, na anaongeza joto mahali penye gharama kubwa zaidi. Kwa gari lisilo na mdomo wa boneti hoja hii haipo, na hukumu yangu ingekuwa laini kidogo.

Bolti nazo. Fundi kijana alizipata ndefu lakini si ndefu vya kutosha. Moja ilikuwa imeshika nyuzi tatu. Bolti ya milimita 8 kwenye chuma inatakiwa ishike angalau milimita 8 za nyuzi. Bawaba za boneti zina kazi moja ambayo hatuifikirii: gari likigonga kwa mbele, ndizo zinazoizuia boneti isirudi nyuma kuja kwenye kioo.

Mvua sitaisemea sana. Maji ya kioo yalikuwa yanapita kwenye upenyo na kudondokea kwenye turbo, mvuke ukatoka, mtu akadhani gari linaungua. Zaidi ya hofu hakuna kilichotokea.

Matengenezo na majaribio

Feni mbovu ilipewa umeme wa betri moja kwa moja. Haikuzunguka, kwa hiyo si fyuzi wala rilei, mota yenyewe imekufa. Mota ya mtumba ilitoka kwenye maduka ya spea ya Gerezani pamoja na kava lake, ikajaribiwa dukani kwa betri kabla ya kulipwa. Thamostati mpya ikarudishwa. Injini hii imelala na inapenda kuficha hewa, kwa hiyo maji yalijazwa polepole, kulanti iliyochanganywa na maji safi, skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta ikiwa wazi mpaka mapovu yaliposita. Kwa kuwa gari lilishachemsha, mzee alikaa muda mrefu akitazama tenki la akiba injini ikiwa ya moto. Mapovu yasiyokwisha yangekuwa habari mbaya ya gasketi ya silinda hedi. Hayakuwepo.

Sponji za pembeni ya rejeta zilikatwa kutoka kwenye godoro la mazoezi, lile gumu kidogo, maana sponji la kiti hunyonya maji na kuoza. Kava la chini lilipatikana, la Forester nyingine, tundu mbili hazikulingana, likafungwa hivyohivyo. Watu wengi hudhani kuliondoa kava la chini kunapoza injini. Gari likitembea, kava hilo ndilo linaloongoza hewa ya nyuma ya rejeta itoke chini na kuelekea nyuma. Bila hilo hewa ya barabarani inapanda kuingia, na tunarudi kwenye hadithi ileile ya shinikizo nyuma ya rejeta.

Karatasi ikarudishwa mbele ya rejeta. Iliganda pande zote mbili.

Washa zilibaki kwa wiki ya kwanza, makusudi. Mwenye gari alikuwa bado anaziamini, na mzee hakutaka ubishi wa maneno. Foleni ya Kimara, feni mbili, boneti imeinuliwa: sindano katikati. Kisha washa zikatolewa, bolti za asili zikarudi, mpira mpya ukawekwa nyuma ya boneti, chaki ikajaribiwa tena kwenye intakula na safari hii ikachapa mstari mzima. Foleni ileile: sindano katikati. Ukisoma joto la maji kwa simu kupitia kile kifaa kinachochomekwa chini ya usukani, hapakuwa na tofauti ya kuitolea hoja. Sindano peke yake isingetosha kwa jaribio hili, kwa sababu kwenye magari mengi ya kisasa imetengenezwa ikae katikati hata maji yakipanda na kushuka nyuzi kadhaa. Ikianza kusogea umeshachelewa.

Kitu kimoja kilibadilika vibaya baada ya kushusha boneti, na haki itendeke. Gari likizimwa baada ya safari, chumba cha injini kilibaki na moto mrefu zaidi. Feni zimesimama, upepo hakuna, turbo bado inatoa joto, na hewa haina pa kwenda. Hapo mlango wa nyuma ulikuwa na faida halisi kwa mipira, nyaya na betri. Mwenye gari aliuliza afanye nini. Mzee akamjibu akifika nyumbani afungue boneti yote aitegemeze kwa dakika chache kabla ya kuingia ndani, na kwamba kabla ya kuzima, kama ametoka kwenye mwendo mkali, aiache injini ingurume kidogo ili turbo ipoe na oili inayopita.

Kwa anayetaka kweli kutoa hewa kupitia boneti wakati gari linatembea, mahali si nyuma. Ni mbele, nusu ya kwanza ya boneti, nyuma tu ya rejeta, ambako hewa ya juu inakimbia na shinikizo liko chini. Mitsubishi waliweka tundu lao hapo kwenye Lancer Evolution. Ni kazi ya kukata bati, kupiga rangi na kufikiria mvua itaingia wapi, na kwa gari la kwenda Posta na kurudi sioni sababu.

Forester imepanda Kitonga tena tangu hapo, nyuma ya lori, imejaa, AC ikiwa imewashwa mpaka karibu na kileleni mwenye gari alipoizima kwa woga wake mwenyewe. Maji hayakutoka. Gasketi ya bomba la turbo bado haijabadilishwa. Alisema anasubiri mwisho wa mwezi, na mzee akamwambia mpaka hapo asiwashe kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani akidhani kinamkinga, afungue kioo.